Profesa Jubal Ametua Salama

Port Ellery, Washington
14 Novemba 1895

Dada Hester,

Salamu zikufikie hapo Harmon's Mill, wewe na shemeji Amos na goti lake. Sisi huku tu wazima. Cornelia ana mafua, lakini ni yale ya kila mwaka. Mvua inanyesha. Jana ilinyesha pia, na kesho sitaki kuisemea.

Ama baada ya salamu, nina habari ambayo huenda umeshaisoma kwenye gazeti langu, Mlinzi, kama bado ninakutumia kwa anwani sahihi. Mji wetu utaandaa Maonyesho ya Dunia. Yatafunguliwa mwezi wa Mei, na mataifa yatakuja. Mimi nimechaguliwa kuwa Mkurugenzi Mkuu. Uchaguzi ulikwenda kwa amani, maana kikao kilifanyika ofisini kwangu na viti vilikuwa vichache.

Utauliza yalianzaje. Niliporudi kutoka Chicago, kule nilikoona majumba meupe yamesimama kando ya ziwa kama keki ya harusi, niliandika tahariri kwamba Port Ellery nayo haina budi kuwa na maonyesho yake. Watu wakacheka. Nikaandika ya pili, kwamba wazo hilo limepokewa kwa shangwe. Wiki haikuisha, wakaja wafanyabiashara watatu wamenuna, wananiuliza kwa nini wao hawakuitwa kwenye hiyo shangwe. Hivyo ndivyo mji unavyojengwa, Hester. Mtu anatangulia kuandika, mji unafuata. Marehemu baba alichapa gazeti maisha yake yote akingoja jambo litokee kwanza ndipo aliandike, na wewe unajua alivyokufa: hajawahi kuvuka mto.

Sasa ombi. Maonyesho yasiyo na puto ni mnada wa ng'ombe tu. Nimeshaagiza puto la hariri, jeupe na jekundu, la kubeba watu wanne. Ninamhitaji mdogo wetu Jubal alirushe. Atakaa kwangu, atakula mezani kwangu, na kwenye gazeti nitamwita Profesa.

Kaka yako,
Leander Stroud


Harmon's Mill, Ohio
27 Novemba 1895

Kaka Leander,

Barua yako nimeipata na ninamshukuru Mungu kwamba mu wazima. Amos hajambo, goti halijambo kidogo. Tumechinja nguruwe wawili. Bibi Purdy wa kanisani amefariki, yule aliyekuwa akikufinya masikio. Alikuwa na miaka tisini na moja na aliendelea kufinya mpaka mwisho.

Kuhusu Jubal, jibu ni hapana. Mdogo wako sasa ana kazi kwenye kiwanda cha siagi, na anaifanya vizuri kwa sababu inafanyika chini. Umesahau kwamba miaka mitatu iliyopita alipanda puto kwenye maonyesho ya wilaya, akaenda kushukia paa la kanisa la Wamethodisti watu wakiwa katikati ya sala. Mchungaji alisema ni ishara, ila hakusema ya nini. Tulimteremsha kwa ngazi, mbavu mbili zimevunjika, na maneno yake ya kwanza yalikuwa kuuliza kama puto limechanika. Mama alipokuwa anakata roho alinikabidhi Jubal, naye ana miezi mitano. Wewe hakunikabidhi, kwa sababu ulishajua kuvaa viatu.

Na hilo la Profesa uliache. Shuleni hakumaliza kitabu cha tatu.

Nilikuwa nimefika hapa nikainuka kutazama mkate. Niliporudi nikamkuta Jubal amesimama mezani, barua yako mkononi, midomo inachezacheza.

"Hester," ananiambia, "anasema ni la hariri."

"Na hapa kuna siagi."

"Siagi haipandi juu, dada."

Sasa hivi yuko ghorofani, nasikia anavuta sanduku. Ana miaka thelathini na minne, siwezi kumfungia. Basi sikia sharti langu. Jubal asipande bila kamba. Puto lifungwe chini, lipande na kushuka hapo hapo kama ndoo ya kisima. Yeye ameshaniapia kwa kaburi la mama. Na wewe niapie. Kwa mkono wako, si kwa chapa.

Dada yako,
Hester Bascom


Port Ellery
19 Januari 1896

Dada Hester,

Salamu nyingi. Cornelia amepona. Mvua haijapona.

Naandika kwa mkono wangu, na wino huu ni wangu: Jubal hatapanda bila kamba.

Amefika salama, na keki uliyompa nayo imefika, nusu yake. Cornelia anampenda. Jana mezani alimwigiza kasisi wetu anavyotafuta miwani iliyo puani, na Cornelia akacheka mpaka akatoka chumbani. Sijawahi kumwona mke wangu akicheka namna hiyo, na tumeoana miaka ishirini.

Kazi inakwenda. Jumba la Mataifa limekamilika kwenye gazeti. Uwanjani bado ni vigingi vinne na fundi mmoja, lakini tangu niandike kwamba limekamilika, fundi anafanya kazi kwa aibu na inakwenda haraka. Ureno imekubali kuja. Ni Mreno mmoja, anauza mvinyo mtaa wa pili kutoka hapa, lakini amekubali kwa moyo wake wote. Lile gazeti la wapinzani wetu, Mwenge, limeandika kwamba mataifa yatakayokuja yote yanaishi umbali wa kutembea kwa miguu. Nimewajibu kwamba huo ndio uzuri wa mji ulio karibu na kila kitu.

Kaka yako,
Leander


Harmon's Mill
5 Aprili 1896

Kaka Leander,

Sote wazima. Theluji imeyeyuka na zizi limejaa maji. Amos amejenga daraja la mbao kutoka mlangoni mpaka kwa ng'ombe, na ng'ombe amelitumia kabla yetu.

Jubal ananiandikia kila Jumapili, mistari mitatu, bila nukta. Hii ni ya mwisho: "Dada mimi mzima puto limefika ni zuri ajabu Cornelia anapika vibaya kuliko wewe lakini ana roho nzuri kamba ni nene kama mkono wangu usiogope." Nimeiweka kwenye Biblia.

Nashukuru kwa hiyo kamba. Sina jingine.

Hester


Port Ellery
13 Mei 1896

Dada Hester,

Salamu za heri kutoka kwenye Maonyesho ya Dunia! Sisi wazima. Cornelia siku hizi anakula chumbani kwake. Anasema ni mafua yamerudi.

Tulifungua tarehe mbili. Mvua ilinyesha, lakini kwa heshima. Gavana alihutubia muda mrefu hata bendi ikaketi. Gazeti limesema waliofika walikuwa watu elfu arobaini. Idadi kamili haijulikani, ila waliokuja walikuwa na moyo wa watu elfu arobaini. Jumba la Mataifa limesimama, na lina paa karibu pande zote. Mreno amemaliza mvinyo wake siku ya kwanza, sasa anaonyesha chupa. Chemchemi inarusha maji mchana kutwa, watu wanaitazama chini ya miavuli. Wafanyabiashara wale watatu wananiita baba wa mji, na mmoja wao ananizidi umri.

Jubal hajambo. Kwa sasa yuko safarini kidogo. Nakutumia ndani ya bahasha Mlinzi la Jumatatu lenye habari zake.

Waridi zinachanua hapa nje ya dirisha. Nikupe na habari za waridi: ni za manjano.

Kaka yako,
Leander


Harmon's Mill
21 Mei 1896

Kaka Leander,

Tunakusalimu. Amos anapanda mahindi, kwa hiyo goti tutalijua jioni.

Gazeti nimelisoma. Nimelisoma kusimama, nikalisoma kuketi. Kichwa kinasema PROFESA JUBAL ATUA SALAMA MILIMANI. Chini yake Jubal anasema: "Mandhari ya vilele vya theluji yalinitoa machozi ya furaha, na sasa nakula nyama ya paa kwa wachimba madini wakarimu."

Leander, mimi nimemlea mtoto huyu. Jubal akiona kitu kizuri husema "Ona." Hana zaidi ya hapo. Neno "mandhari" hajawahi kulitamka, na akilazimishwa atadhani ni ugonjwa wa farasi. Nyama ya paa inamtapisha tangu utoto, na wewe unajua, kwa sababu alikutapikia wewe.

Pili ni kamba. Gazeti lako lenyewe linasema milima iko maili sitini kutoka hapo. Hiyo ni kamba ndefu.

Tatu, Jumapili mbili zimepita bila barua yake.

Nilikupelekea telegramu Jumanne kuuliza yuko wapi. Ukajibu: JUBAL MZIMA BARUA YAJA. Mpiga telegramu wetu, ambaye hupenda kuwafariji watu, alinikabidhi akageukia mashine yake.

Barua naingoja.

Hester


Port Ellery
27 Mei 1896

Dada Hester,

Nashukuru kwa salamu, na mahindi yastawi. Cornelia amekwenda kwa mama yake kupumzika. Amechukua nguo za majira yote, kwa kuwa hali ya hewa ya huku haitabiriki.

Una haki ya kuuliza. Kamba ilifunguliwa kwa muda mfupi, kwa ajili ya sherehe. Usifikirie sana maneno ya kwenye gazeti. Mhariri hunyoosha kauli ya mtu kama fundi cherehani anyooshavyo kola. Jubal anapendwa mno. Kila Jumatatu watu wanapanga foleni kusoma habari za safari yake. Wiki hii amevuka bonde na kualikwa harusini. Wanawake wa mji wamemfumia soksi, na ofisini kwangu yapo makapu matatu ya soksi.

Huenda atarudi wakati wowote. Nimewaambia bendi wakae tayari.

Kama kuna mtu anakutumia Mwenge, usilisome. Ni watu wenye chuki.

Leander


Harmon's Mill
2 Juni 1896

Leander,

Leo hakuna salamu. Ukizitaka, zimo kwenye barua zilizopita.

Cornelia ameniandikia. Bahasha nzuri, karatasi nzuri, na katikati neno moja: Njoo.

Nimekaa jikoni na swali, na sasa nakupa wewe ukae nalo. Kama umechapa kwamba ametua, nani anamtafuta?

Sikuulizi tena yuko wapi. Naona kwamba hujui. Mtu anayejua angeandika jina la mahali. Wewe umeniandikia rangi ya waridi. Nakuambia la kufanya, nami ni dada yako mkubwa, na ndimi niliyekufundisha herufi kwenye gunia la unga. Chapa kwamba amepotea. Ukurasa wa kwanza, kwa herufi zile zile kubwa. Chapa hata kama jumba lako litaanguka, hata kama Mreno atarudi Ureno.

Alhamisi ya wiki ijayo napanda treni. Amos atabaki na ng'ombe. Nitabadilisha treni St. Paul. Ukiwa na la kusema, liache pale posta ya kituo kwa jina langu.

Hester


Port Ellery
9 Juni 1896
Kwa Bi. Hester Bascom, ihifadhiwe posta ya kituo, St. Paul

Dada,

Sijui nikusalimu vipi. Mimi mzima, na ninaona haya kuliandika hilo.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe tisa Mei. Siku za kwanza watu walilipenda puto, kisha wakalizoea. Walisema linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, hata ndoo ya kisima hufanya hivyo. Basi Ijumaa nikachapa kwamba kesho yake Profesa ataruka huru, aende mpaka milimani na kurudi kwa chakula cha jioni. Sikumwambia. Alilisoma gazetini kama watu wengine, akaja nalo ofisini.

"Kaka, hapa pameandikwa huru."

"Ndiyo."

"Nilimwapia Hester."

"Hester yuko Ohio."

"Najua alipo," akasema. Akasimama pale anakunja gazeti, analikunjua. "Na wewe pia ulimwapia. Alinionyesha barua yake kabla ya kuituma. Alisema, Leander naye ataapa."

"Jubal, watu wameshanunua tiketi. Nimeshachapa."

"Upepo je?"

Mimi sijui upepo, Hester. Nikamwambia unavuma kuelekea milimani, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimeandika.

Akavaa kofia. Sitakudanganya kwamba hakutaka kwenda. Alitaka, ndiyo maana ilikuwa rahisi. Uwanjani mtu wa kamba alisita, akanitazama mimi, akamtazama yeye. Nikaifungua mwenyewe, na glavu zangu nyeupe. Bendi ikapiga. Alipopita juu ya Jumba la Mataifa alivua kofia akatupungia, akapaza sauti akasema kitu. Waliokuwa karibu nami waliniuliza amesema nini. Nadhani alisema "Ona."

Kisha puto likageuka, likaelekea baharini. Bendi iliendelea kupiga. Watu walidhani ndiyo njia yenyewe.

Jumapili hakukuwa na habari. Jioni mabaharia wa bandarini walipakia mashua mbili, maji na mablanketi, waondoke alfajiri kumtafuta. Na alfajiri hiyo Mwenge likauliza: Profesa yuko wapi? Mlinzi lilitoka saa ile ile. Nilikuwa nimekaa mezani nikaandika alichopaswa kuwa anafanya. Sikuona kwamba nadanganya. Niliona natangulia, kama nilivyotangulia kwenye jumba na kwenye chemchemi. Nilijua habari ya kweli ingefika Jumanne, na hazingepishana sana. Mabaharia wakasoma kwamba ametua, wakashangilia, wakapakua mashua.

Jumanne haikufika habari. Wiki iliyofuata watu wakauliza tena, ikabidi ale tena, ikabidi avuke bonde. Cornelia alinijia na gazeti la harusi, akaniuliza bibi harusi anaitwa nani. Sikuwa na jina. Akaenda kufunga sanduku.

Barua yako ilifika jana. Leo asubuhi nimechapa. Ukurasa wa kwanza, herufi kubwa: PROFESA JUBAL HAJULIKANI ALIPO. MLINZI LILIDANGANYA. Mpanga herufi alikuja mara mbili kuniuliza kama hilo neno la mwisho nimelikosea.

Nilitazamia mawe madirishani. Badala yake watu wamefurika Maonyeshoni kuliko siku ya ufunguzi. Wanataka kuona mahali kamba ilipofungwa. Wakurugenzi wenzangu wamenishika mkono, wakanipongeza kwa akili. Mwenge haliniamini, limesema ni hila ya kuuza tiketi.

Lakini mashua kumi na moja zimeshatoka. Mimi natoka na ya kumi na mbili. Sijui kazi ya mashua. Wamenipa ndoo.

Leander


Kisiwa cha Carver, kwenye kiwanda cha samaki
16 Juni 1896
Kwa Hester, nyumbani kwangu Port Ellery

Dada,

Najua umeshafika, na kwamba Cornelia ametoka kwa mama yake kuja kukupokea. Nampa nahodha wa mashua yetu barua hii aje nayo usiku huu, na kesho mashua hiyo hiyo ikulete huku.

Jubal yu hai.

Nakuandikia yote sasa ili usiyasikie kwa mwingine. Puto lilichoka juu ya visiwa, likamtupa kwenye miamba. Mguu wa kushoto ulivunjika chini ya goti. Alijikokota, akatandaza hariri juu ya mawe ionekane kutoka baharini. Siku ya tano ikapita meli ya mbao. Nahodha wake anaitwa Haugen. Alikuja mwenyewe kuniambia, amevua kofia. Waliona kitu chekundu na cheupe, na mtu anapunga mkono. Akasema, "Yule huenda ni mtu wa puto." Msaidizi wake akatoa Mlinzi mfukoni akamwonyesha kwamba mtu wa puto yuko milimani anakula nyama. Wakaona ni watu wamekuja kupiga kambi. Kwa adabu, Haugen anasema, nao wakampungia.

Aliyemwokoa ni mzee mmoja mwenyeji wa visiwa hivi, Casimir, na mkewe Agathe, waliokuja kuchimba chaza. Walimbeba mpaka kwao, wakamlisha, wakamfunga mguu kwa mbao. Mzee alipiga kasia mpaka kwenye duka la kiwanda kusema kuna mtu ameanguka kutoka mbinguni na mguu wake unaoza. Mwenye duka akamwambia aliyeanguka kutoka mbinguni ameshapatikana, gazeti limesema, kwa hiyo huyo ni mwingine. Casimir akajibu kwamba hata mwingine ana mguu. Mwenye duka akampa chupa ya dawa. Daktari wa kiwanda alikuwa mjini, kwenye Maonyesho.

Mwenye duka aliposoma kwamba Profesa hajulikani alipo, ndipo akaagiza aletwe hapa kiwandani, na mguu wamekata jana. Daktari anasema ungewahiwa wiki ya kwanza ungebaki.

Nilipoingia alikuwa macho. Magazeti yote yalikuwa kitandani. Mwenye duka, kwa aibu yake, alimletea. Jubal alinitazama sana, akasema:

"Nilikula nini tena?"

"Jubal."

"Paa nimeona. Baada ya paa?"

"Bata mzinga," nikasema. "Harusini."

"Alikuwa mtamu?"

Akageukia ukutani. Hajasema nami tena, na sasa nakuandikia wewe kwa sababu ndilo jambo pekee ninaloweza kufanya kwa mikono hii.

Leander


Port Ellery
20 Agosti 1896

Dada Hester,

Salamu kwako, kwa shemeji Amos, na kwa yeyote hapo nyumbani atakayezipokea. Hamkuniaga pale kituoni, na sikutegemea mniage. Niliona treni ikiondoka kutoka ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la kofia.

Cornelia amerudi kabisa. Tunakula meza moja. Ananipa chumvi nikiiomba.

Maonyesho yalifungwa wiki iliyopita. Yamefaulu kupita matarajio. Wakurugenzi wamenitengenezea medali yenye sura yangu, na puto dogo nyuma yake. Nimeirudisha. Walidhani nataka kubwa zaidi, wanatengeneza nyingine. Mji mmoja wa kusini umeniandikia nikawaandalie maonyesho yao. Sijawajibu. Soksi nimezigawa kwa watoto yatima. Kasisi ameniambia ni tendo jema, nikamwomba asinisifu kanisani.

Kwa Casimir na Agathe nilikwenda mwenyewe. Agathe alinipa chaza nikala. Casimir aliuliza mguu wa yule mtu ulikuwaje, nikamwambia. Akaenda kutengeneza kasia lake, nami nikarudi mashuani.

Siku hizi Mlinzi halitangulii. Jana paa la Jumba la Mataifa limeanguka na mvua, hakuna aliyeumia, na nilikwenda kwanza kuhesabu watu ndipo nikaandika. Mpanga herufi anasema gazeti limekuwa zito.

Hester, nimemwandikia Jubal mara nne. Sijui kama anazifungua. Sitaki mengi. Unaweza kumuuliza, wakati mzuri, akiwa ameshiba, kama amenikasirikia? Nitaridhika na neno moja, liwe lolote.

Kaka yako,
Leander


Harmon's Mill
6 Septemba 1896

Kaka Leander,

Salamu zako zimefika na tunazirudisha. Amos hajambo. Mahindi yamejaa, na tufaha ni nyingi mpaka tunawapa nguruwe. Binti wa mwalimu ameolewa na mwenye kiwanda cha siagi, kwa hiyo siagi itapanda bei ili kulipia harusi.

Jubal hajambo. Amos amemchongea mguu wa mti, wa kwanza ukawa mrefu, akawa anatembea kama anayepanda ngazi. Wa pili umemkaa. Jumatatu amerudi kazini. Watoto wanamfuata njiani wakimwita Profesa. Nilitoka na ufagio kuwafukuza, akanizuia.

Juzi alipanda juu ya ghala. Nilipiga kelele majirani wakaja. Alikuwa ameketi juu ya paa, mguu wa mti unaning'inia, anatazama tu. Nikamwambia ashuke. Akasema anakuja. Alishuka jua lilipozama, na sikumuuliza alichokiona.

Barua zako alizifungua zote. Hii uliyoniandikia mimi nilimsomea mezani, ameshiba, kama ulivyosema. Alisikiliza mpaka kwenye medali, akacheka, kisha akaacha. Nikamuuliza: nimjibu nini kaka yako?

Akasema, "Andika kwamba sijamkasirikia."

Nikaandika. Akamega mkate, akala. Akasema, "Futa. Andika kwamba nimemkasirikia sana."

Nikamwambia karatasi ni moja, aamue. Akafikiri mpaka chai ikapoa.

"Yote mawili ni kweli, Hester," akasema. "Mpelekee yote. Yeye ndiye mwenye gazeti, achague la kuchapa."

Dada yako,
Hester